Kitambaa Kilichoungua kwa Sala

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa nyuma kabisa, karibu na matangi ya maji, na mwenye pasi humo ndani alikuwa mwanamke aliyeitwa na kila mtu Mama Sala. Si kwa kejeli. Haya, kejeli kidogo tu. Kazi yake ilikuwa kunyoosha vile vitambaa vya kijani wanavyofunikwa wagonjwa wa upasuaji, na kila kimoja alikiombea akikinyoosha: "Bwana, mtoe salama." Basi. Mgonjwa hamjui, ugonjwa haujui. Vitambaa vilikwenda kwenye mtambo wa mvuke kuuliwa vijidudu, vikachanganyika huko, na kipi kingemfunika nani, alijua Mungu mwenyewe.

Tena alikuwa hodari wa kutia watu moyo. Akikutana na ndugu wa mgonjwa kwenye korido, atamshika mkono: "Mtumaini Mungu, mwanangu, ataokoa." Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayekuelekeza lilipo bomba. Wepesi, ee, maana mgonjwa hakuwa wake.

Mara zamu ikamfika. Mumewe, fundi viatu mpole asiyejua kugombana hata na kisigino, alikutwa na uvimbe tumboni. Daktari hakuwaficha: huenda akatoka, huenda asitoke. Asubuhi ya upasuaji Mama Sala aliambiwa apumzike, akakataa katakata. Nyumbani angefanya nini, akitazame kiti cha mzee?

Akawasha pasi. Akachagua kitambaa kizuri kuliko vyote, kisicho na kiraka, akakitandaza. Moyoni alishakata shauri kwamba hicho ni cha mume wake. Akaanza kuomba, na safari hii aliomba kwelikweli. Akambembeleza Mungu, akamkumbusha utumishi wake wote, akamwahidi mambo ambayo, tuseme ukweli, asingeyaweza. Pasi imetulia palepale.

"Wee! Wee mwanamke!" Mfuaji mwenzake, mtu wa maneno mengi, akakurupuka na povu lake hadi viwikoni, akaing'oa ile pasi. Moshi ulishatanda. Katikati ya kitambaa pametoboka, tundu jeusi la umbo la pasi. "Unaomba au unachoma?"

Mama Sala akajibwaga juu ya kapu la nguo chafu, akaangua kilio. "Dada yangu, mimi simwamini Mungu. Miaka yote nawaambia watu wamtumaini, kumbe mwenyewe naogopa. Naogopa mno."

"Kuogopa, nani haogopi? Lakini nikuulize. Hao wengine ulikuwa unawaombea maneno mangapi?"

"Matatu."

"Na Mungu alikuwa anasikia?"

"Anasikia."

"Sasa leo kawa kiziwi? Halafu hicho ulichokipendelea, nani kakwambia kingemfikia mzee wako? Ameshaingia kule ndani, amefunikwa na cha juzi."

Mama Sala akainua uso. Cha juzi. Juzi alinyoosha rundo zima akiwaza mambo mengine kabisa, na kila kimoja alikipa maneno yake matatu. Kwa hiyo mumewe alikuwa amelala chini ya sala aliyokwisha kuombewa, na mwombaji hakujua anamwombea nani. Akajikuta anacheka, machozi na kamasi vikimtiririka, mpaka mwenzake akamtupia taulo.

Hofu haikuondoka, asikudanganye mtu. Lakini akasimama, akatandaza kitambaa kingine. "Bwana, mtoe salama." Akakunja. Kingine.

Jua lilikuwa limeshapinduka muuguzi aliposimama mlangoni. Mfuaji akaacha kusugua. Mama Sala alimwona, lakini akainua kiganja kumsimamisha.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Huyu atakayefunikwa hiki naye ana watu wake."

Akamaliza upindo, akasema maneno yake matatu, akakunja. Ndipo akamtazama.

"Ameamka, mama. Anakuulizia."

Mama Sala akaiinua pasi, akaisimamisha pembeni, akachomoa na waya kabisa. Kisha akalia.