Misa ya Wafu Walioketi Kanisani

Niliandika skripti, maagizo ya kompyuta ya kunakili majina ya wachangiaji wa parokia yetu, sisi wafanyakazi tukiwemo, kutoka programu ya michango hadi hifadhidata ya ofisi. Safu ya tano ilikuwa ya waliokufa. Nikaiambia skripti: walio safu ya tano ni marehemu.

Vita vikatukimbiza kutoka Uvira, tukavuka hadi Bujumbura. Huko Mama Nabintu, sekretere wetu, akaongeza kwenye programu safu ya waliokimbia. Akaiweka ya tano, ya waliokufa ikasogea ya sita. Mimi sikuuliza.

Tuliporudi, Padri akataka liste ya marehemu awaombee. Nikaendesha skripti ileile, nikamchapishia kurasa tatu bila kuzisoma.

“Wote hawa?”

“Iko hivyo, Padri. Mashini haidanganyi.”

Jumapili kwenye misa, jina la kwanza Padri alilosoma lilikuwa Bukuru. Papa Bukuru akasimama benchi la mbele: “Minye niko hai, Padri.”

Nikajisemea kina Bukuru ni wengi, kila pacha wa kwanza huku anaitwa hivyo. Nikaendelea kuwaombea marehemu, kichwa chini, machozi yakinitoka, mpaka Padri akasoma jina langu.

Mama Nabintu akanigeukia. “Na weye ulikufa siku gani?”