Karibu ya Bibi wa Sebuleni

Mwezi uliopita nilishuka basi Thamesmead, mtaa niliokulia huku ughaibuni, nikaenda kulitazama jengo letu la zamani kabla halijavunjwa. Madirisha yote yamezibwa kwa mbao. Nikasimama pale chini, shingo juu, nalitafuta dirisha letu, na usinicheke, pua yangu ikanusa ukoko wa wali.

Chumbani tulilala mimi na mama. Sebuleni alikaa mama mmoja wa Kifilipino, msafishaji wa ofisi, na wanawe, na mama yake mzee, ambaye sote tulimwita bibi. Hita ilikuwa moja, sufuria moja. Bibi akipakua wali tuligombania ukoko, naye akitupiga vidole kwa mwiko huku anacheka. Baridi ikizidi tulihamia wote kwake, tukabanana chini ya mablanketi, vioo vya madirisha vikitiririka maji. Sijapata tena kulala raha namna ile.

Bibi hakujua Kiingereza wala Kiswahili. Mama, Mzanzibari wa watu asiyeweza kuishi bila hodi, akamfundisha neno moja. Tukirudi shule tuligonga mlango wa sebule, "Hodi, bibi!" naye akaitikia kwa kuvuta, "Karibuuu!" Hapo ndipo tulipojua tumefika nyumbani.

Shida ni kwamba mwenye nyumba hakujua kama wapo. Yeye alimpangisha mama na mtoto wake tu. Siku za kuja kwake wenzetu walishuka wakazurura madukani mpaka aondoke. Siku moja ya theluji akaja bila taarifa. Mama wa Kifilipino yuko kazini, wanawe wako nje, lifti imeharibika, na miguu ya bibi imevimba, hawezi ngazi. Mama akamwekea bibi kidole mdomoni, akaufunga mlango wa sebule.

"Hiki chumba kina unyevu, hatukitumii," mama alimwambia yule bwana kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Nilimshika mama nguo. Yule bwana akakunja kidole, akaugonga ule mlango, kwa mazoea tu nadhani.

"Karibuuu!"

Alipofungua, bibi alikuwa ameshamsogezea kiti.

Walipewa mpaka Ijumaa. Mama alilia, akambembeleza, akamshika hadi mkono. Wapi! Ijumaa mama wa Kifilipino alimbeba bibi mgongoni, ngazi hadi ngazi, na bibi akitupungia mkono kama anayekwenda sokoni. Walikolala usiku ule sikujua, na sijui hadi leo. Inaniuma.

Tangu hapo mlango wetu ukigongwa, mama hakuitikia tena. Alizima redio, akaniwekea kidole mdomoni, tukakaa kimya mpaka mgongaji aende zake.

Sasa nina nyumba yangu, ina joto kila chumba. Juzi mlango uligongwa, na mwanangu akaniita kutoka juu, "Mum, the door!"

Nilikuwa nimeshazima redio.