Mate Niliyomnyima Mpanda Fahali

Asubuhi moja mtoto wa dada yangu alinipigia simu kutoka Marekani kuniarifu kwamba ameacha chuo cha tiba ya mifugo, na kwamba kazi yake sasa ni kupanda mafahali. Nilimtaka arudie, nikidhani mtandao wa simu wa hapa kwetu Nchelenge umeyavuruga maneno yake. Aliyarudia kwa utulivu. Kisha akaomba nimbariki, nami nikakataa.

Kwetu kando ya Ziwa Mweru, ndugu wa kiume wa mama ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Anayeingia kazi ya hatari humwendea, na mjomba hutia maji kinywani, akampulizia kifuani pamoja na mate, akamtakia heri. Aliye mbali, mama yake hupokea kwa niaba yake. Lakini kabla ya maji, mjomba hulazimika kutamka kinyongo chochote alicho nacho. Baraka iliyotolewa juu ya neno lililofichwa haihesabiwi. Na mjomba anayekataa husikika kama anayeombea mabaya. Hayo niliyajua vizuri, na niliyategemea: nilidhani kukataa kwangu kutamrudisha darasani.

Hakurudi. Mchezo huo alijifunza kwenye shamba la ng'ombe alikofanya kazi wakati wa likizo. Mpandaji hushika kamba kwa mkono mmoja, mkono wa pili usimguse mnyama, naye hutakiwa kukaa juu sekunde nane. Nusu ya alama hupewa yeye, nusu hupewa fahali kwa ukali wake. Alianza katika viwanja vya vumbi vya miji midogo. Mwaka wa pili akapata leseni ya wapandaji wa kulipwa. Mwaka wa tatu akawa anaitwa katika kumbi kubwa zenye taa, na jina lake likitajwa watu wakisimama.

Video zilimfikia mama yake katika soko la Kashikishi, na wanawake waliacha samaki wao wakavu wakaizunguka simu. Dada yangu aliolewa ng'ambo, Kongo, na Kiswahili cha huko hakijamtoka yeye wala mwanawe. Jirani yake, Mkongomani muuza vitenge, alimtania: "Mama, mutoto yako anakawia juu ya ile ng'ombe kupita bwana yangu kwa nyumba." Nami nilizitazama video hizo, peke yangu, nikiisimamisha picha nione jinsi kiganja kilivyofungwa katika kamba. Sikumwambia mtu.

Kila mwaka, kabla ya msimu, ombi lilirudi kupitia kwa dada yangu.

"Yaya, mutoto anaomba mate tu," aliniambia mara ya mwisho, akiniita kaka kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Haombi shamba."

Nilimjibu amalize masomo kwanza. Akanieleza, bila kulaumu, kwamba lango la kumtoa fahali linapokaribia kufunguliwa wenzake husali, na mwanawe hukifikiria kinywa changu.

Mwaka jana fahali alimtupa, kisha akamkanyaga. Mbavu nne zilivunjika. Pale Kashikishi hakuna aliyemlaumu fahali. Wanawake waliendelea kunisalimu kwa kupiga magoti. Ila nikikaribia, mazungumzo yalikatika.

Kijana alikuja kupona kwa mama yake. Alasiri moja akafika nyumbani kwangu, akaketi mkekani ingawa viti vilikuwapo, akasema madaktari wamemruhusu na anarudi kupanda. Nilikwenda mwenyewe kuleta bakuli la maji.

"Ba Yama," akasema, kwa jina tunalomwitia mjomba, "museme kwanza neno yenye iko mu roho."

Neno lilikuwapo. Nilikuwa nimewatangazia walimu wenzangu kwamba ukoo wetu utatoa daktari wa mifugo, nao walikuwa wamezoea kuniuliza habari zake. Alipoacha chuo niliona aibu mbele yao. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu, nzima, kwa miaka yote ile. Mimi niliyefundishwa Kilatini na mapadre na kuzoezwa kulipima kila neno, nililitafuta lililo jepesi.

"Niliogopa utakufa," nikasema.

Macho yakamlowa. "Sikujua kama munanipenda vile."

Nilitia maji kinywani, nikampulizia.

Amerudi uwanjani, na anapanda vizuri kuliko zamani. Dada yangu huniletea samaki walio bora katika meza yake, na kusema mate yangu yamefanya kazi, nami huwapokea. Mwanawe naye hunipigia kabla ya kupanda, asikie sauti yangu. Namtakia heri, na heri hiyo ni ya kweli, lakini imesimama juu ya kile nilichomwambia mkekani.

Jumapili iliyopita jioni, alipopiga, nilianza: "Siku ile, kuna neno sikukuambia."

Nyuma yake nilisikia vyuma vikigongana na watu wakipiga kelele.

"Nitalisikia nikishuka, Ba Yama," akasema.

Alishuka salama. Aliponipigia tena nilimpongeza, nikamuuliza kama mkono unamuuma.