Bigijii Kwenye Tofali

Johari alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kwao Pangani walimjua. Kikombe kikishaguswa na midomo ya mwingine, yeye hakinywei tena, hata kichemshwe. Wali ukitokea na unywele, siku hiyo atalala na njaa. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba mtu wa namna hiyo haolewi, na akiolewa hazai, maana kuzaa ni kuchafuka.

Aliolewa, akazaa binti mmoja, Ummu, akaachika, akaja Marekani na mtoto wake. Kazi aliyoipata na kudumu nayo ni kuendesha basi la shule huko Gaithersburg, lile la njano, ambalo kila jioni dereva hulipita kiti kwa kiti akiokota walichoacha watoto wa watu: maganda, soksi, leso zenye kamasi, na bigijii. Bigijii ndiyo iliyomkera kuliko vyote. Matapishi yana udhuru, alisema, mtoto kaugua. Lakini bigijii mtu anaitoa mdomoni akiwa mzima wa afya, anaibandika mahali ambapo mwenzake ataweka mkono. Kwa hiyo alitembea na glavu kwenye pochi, na vijiti, na chupa ndogo ya sabuni, na watoto walikuwa wakimcheka na kumpenda.

Kukaa sana kwenye usukani kulimletea presha na magoti mabovu. Daktari akamwambia atembee. Ndipo jirani yake, Ghati, Mkenya wa Kuria aliyekuwa muuguzi wa zamu, akamwingiza kwenye kundi la Waswahili wanaotembea Jumamosi. Kiongozi wao alikuwa Laurean, Mtanzania wa Bukoba, mtu wa kompyuta anayekaa Woodbridge. Laurean alikuwa mchangamfu, mkarimu, hachoki kupiga simu kuuliza nani anahitaji lifti. Alitembea na fimbo mbili za kupandia milima hata mahali palipokuwa tambarare kama meza. Johari alimpenda. Ni vizuri hilo lisemwe mapema.

Oktoba moja Laurean akatuma ujumbe wa sauti. "Safari hii nawapeleka bondeni, upande wa Virginia. Kuna mto, kuna msitu, kuna mashamba ya zabibu, kuna majengo ya kale. Nime-book kila kitu, nyie njooni na miguu tu."

Waliegesha magari kando ya mto mdogo unaokwenda kuingia mto mkubwa wa Potomac, wakashika njia ya msituni. Majani yalikuwa yamegeuka rangi, mekundu na ya manjano, na wenzake kila baada ya hatua chache walisimama kupiga picha. Johari alijaribu kufurahi. Lakini kwenye matawi ya chini, hapa na pale, palining'inia vifuko vidogo vya plastiki, vimefungwa fundo zuri.

"Hivi ni vitu gani?" akamuuliza Ghati.

"Mavi ya mbwa. Mtu anaokota, anafunga, anatundika hapo, ati atachukua akirudi."

"Na harudi?"

"Sasa Mama Ummu, wewe ungerudia hiyo?"

Tangu hapo Johari alitembea katikati ya njia, mikono ameibana kifuani. Mbele kidogo akaona kupe akipanda suruali yake taratibu, kama mwenye nyumba. Akapiga kelele ndogo, Ghati akamkung'uta, na watu wakacheka. Walipofika kwenye kinu cha zamani cha kusaga nafaka, ambacho sasa ni kuta tu na mwanzi wa porini, kibao kilieleza kwamba kilijengwa na bwana fulani kwa mawe ya mtoni.

"Peke yake?" Johari akauliza. Laurean alikuwa keshapiga mluzi wa kuwaita mbele.

Njia ikapanda, msitu ukakatika, wakatokea kwenye mizabibu. Ilipangwa safu kwa safu mpaka kwenye kilele cha kilima, na kwa mbali ilipendeza kwelikweli. Kwa karibu ilinuka. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na zabibu zilizodondoka zilioza chini ya mashina, zimefunikwa na nyigu, zikitoa harufu kali ya siki iliyochanganyika na asali. Viatu vilikuwa vinanata. Johari akajifunika pua kwa mtandio, akawaza juu ya chai ya maziwa ya nyumbani kwake, kwenye kikombe chake mwenyewe.

Juu ya kilima palikuwa na nyumba kubwa nyeupe yenye nguzo, na nyuma yake kijengo kirefu cha matofali, chenye paa la chini na madirisha madogo kama ya banda. Humo ndimo mvinyo ulimoonjwa. Laurean akawageukia wenzake Waislamu, akawaambia wasiwe na wasiwasi, ameagiza juisi.

Mwongozaji alikuwa mama wa Kizungu mwenye skafu nyekundu na sauti ya mwalimu wa chekechea. Aliwakaribisha kwa furaha ya dhati. Ndani palikuwa pamejaa watu, wengine wao ni akina dada waliokuja kumsherehekea mwenzao anayekaribia kuolewa, mashada shingoni, bilauri mkononi. Mwongozaji akaeleza kwamba kijengo hiki kilikuwa makazi ya wafanyakazi wa shamba, karne mbili zilizopita.

"Walikuwa wakilipwa, au walikuwa watumwa?" Ghati akauliza kwa Kiingereza chake kilichonyooka.

Yule mama akatabasamu, akainamisha kichwa. "Ilikuwa zama nyingine," akasema. Kisha, haraka, akawaelekeza kwenye meko. "Njooni niwaonyeshe kitu ambacho kila mgeni hukipenda."

Kwenye ukuta wa meko, usawa wa goti, palikuwa na tofali lenye mashimo manne madogo. Matofali haya, alieleza, yalifinyangwa kwa udongo wa mto ule ule, na wabebaji walikuwa watoto. Mmoja wao alilishika tofali likiwa bado bichi, na alama za vidole vyake zikabaki humo. Wageni wa hapa wana desturi: unaweka kidole chako kwenye alama, unaomba jambo moyoni, halafu unakunywa.

Watu wakapanga foleni. Wale akina dada wakaanza, wakichekeana, mmoja akiomba mume tajiri kwa sauti ili wote wasikie. Johari hakuwa kwenye foleni. Alichuchumaa pembeni, akamulika kwa simu yake. Alama zilikuwa ndogo kuliko vidole vya watoto wadogo kabisa wanaopanda basi lake, wale ambao hushikilia nguzo ya mlango kwa mikono miwili ili wafikie ngazi. Kwenye udongo ulioiva aliweza kuona hata kucha ilipozama. Na ndani ya shimo la pili mlikuwa na bigijii, ya waridi, mbichi bado. Kwenye la nne mlikuwa na nyingine, ya kijivu, ngumu, yenye alama ya meno.

Mate yakamjaa mdomoni. Hayakuwa mate ya kawaida. Yalikuwa yale ya kutangulia matapishi. Akainua macho, na mtu aliyefuata kwenye foleni alikuwa Laurean. Bilauri ya mvinyo mwekundu mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia ndani ya shimo la kwanza, meno yote nje.

"Nipigeni basi picha," alisema.

"Laurean, toa kidole."

"Dada Johari, si wenyewe wamesema tuweke? Ni desturi yao hapa."

"Nimekwambia toa kidole hapo."

"Ah, dada. Tumekuja ku-relax. Mimi nimeileta historia hii? Piga, Ghati, piga."

Ghati hakupiga. Mwingine akapiga.

Johari akatoka nje. Alifika nyuma ya kijengo, karibu na mapipa matupu, akatapika chai ya asubuhi na mkate wote. Ghati akamfuata, akamshika paji la uso.

"Twende kwa gari," Ghati akasema. "Waache wakunywe."

"Kile kitu kimo mle ndani."

"Kitu gani?"

"Bigijii. Wamembandikia mtoto wa watu bigijii kwenye vidole."

Alijipangusa, akasukutua, akafungua pochi, akavaa glavu. Alirudi ndani akapiga magoti mbele ya meko, magoti yale yale ya kulalamika, akaanza kuchokoa kwa kijiti. Harufu ya mvinyo ilikuwa imemzunguka kila upande. Ile ya waridi ilitoka upesi, ikivutika nyuzi nyuzi, na mara mbili ilibidi ageuze uso, avute pumzi kwenye mtandio, arudi tena. Ya kijivu iligoma. Akaidondoshea sabuni, akasubiri. Ghati alichuchumaa kando yake, akammulikia.

Mwongozaji akaja na tabasamu lake, lakini sasa lilikuwa limekaza. "Samahani, mama. Hili ni jengo la kihistoria. Haturuhusu wageni kuyachokoa matofali."

"Sasa hivi umetuambia tuweke vidole," Johari akamjibu.

"Kidole hakina madhara. Kijiti kinaweza kuharibu."

Johari hakunyanyuka. Dada mmoja wa shada alikuwa anacheka bila kujizuia, mpaka mwenzake akampiga kiwiko. Hatimaye ile ya kijivu ikabanduka nzima, na shimo likabaki jeusi, safi. Johari akazikunja zote mbili kwenye karatasi laini, akasimama kwa kushika bega la Ghati, akamwekea yule mama mkononi. Mwongozaji akapokea kabla hajajua anapokea nini.

"Hii ni yenu," Johari akamwambia.

Kurudi bondeni hakukuwa na picha. Karibu na maegesho Laurean akamsogelea. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeharibiwa sherehe yake.

"Umetuaibisha, dada. Wale hawatatupokea tena."

"Wasitupokee."

"Ungeniambia pembeni."

"Nilikwambia mara mbili, Laurean. Ulikuwa unatafuta kamera."

Nyumbani Johari aliosha mikono mpaka ngozi ikakunjamana. Ummu, aliyekuwa chuo mwaka wa kwanza na ambaye kwa kawaida humjibu mama yake kwa Kiingereza, alishuka ngazi na simu. Laurean alikuwa ameituma ile picha kwenye kundi: kidole, tofali, bilauri, na maneno ya kusifu siku njema.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "matofali kama hii tulisoma chuoni. Uncle Laurean anajua hii ni nini? Mbona anacheka?"

Johari akachukua taulo, akajifuta mikono. Alisema tu kwamba leo hapiki.

Picha iliondolewa baada ya siku chache. Laurean akapiga simu, akajieleza kwa muda mrefu, akasema hakuwa amefikiria, kwamba mkewe naye alimsema. Johari alimsikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia. Na alikuwa amesikia kweli, hakumwekea kinyongo. Kundi likagawanyika bila ugomvi, wengine wakabaki na Laurean, wengine wakaanza kutembea na Ghati kwenye njia zilizo karibu na Silver Spring.

Majira ya kuchipua Ghati alipita kule na wauguzi wenzake, akaja na habari kwamba lile tofali sasa limefunikwa kioo.

"Na mvinyo?" Johari akauliza.

"Mvinyo iko. Meza wameisongesha karibu, ndio watu waone vizuri."

Johari akasonya, akaendelea kukunja nguo.

Alikutana tena na Laurean kwenye harusi ya Watanzania, ukumbini, miezi mingi baadaye. Laurean alikuwa amevaa suti nzuri, akamjia kwa furaha ya zamani, mkono umenyooshwa. Johari akakiona kile kidole. Alijilazimisha, akawaza mema yote aliyotendewa na mtu huyu, zile lifti, zile simu. Mkono wake ulikataa. Akauweka kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akamuuliza hali ya watoto.

Laurean akadhani ni mambo ya dini. Akarudisha mkono wake haraka, akamwomba radhi kwa heshima zote, akasema alikuwa amesahau. Johari hakumsahihisha.