Tulinunua Mchezo Mmoja, Wangu Ukaitwa wa Bandia

Msimamizi wa ukurasa huu, jina langu libaki kwako. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Walio hapa Rumonge, Burundi, huenda wakanitambua; hilo siwezi kulizuia.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu. Nilikimbilia Tanzania nikiwa mdogo, nikasoma na kufundisha Kiswahili huko, kisha nikarudi na kufundisha tena hapa. Sasa nina chumba cha michezo ya video mbele ya nyumba yangu, karibu na soko, kinachoendeshwa na binti yangu Zaina. Ng'ambo ya barabara kuna chumba kingine kama hicho, cha Saidi, rafiki yangu tangu uhamishoni. Mashine zangu ni nyeupe, zake ni nyeusi. Ni za kampuni mbili zinazoshindana. Sisi wenyewe hatukuwahi kushindana. Kila jioni Saidi alivuka barabara, akaketi kwenye kiti chake kibarazani kwangu, akanywa kahawa na kunikosoa siasa zangu.

Mchezo mpya wa mpira ulipotoka, tulipanda basi pamoja hadi Bujumbura tukaununua katika duka moja, kwa muuzaji mmoja: diski moja ya mashine yangu, nyingine ya mashine yake. Mchezo ni ule ule, timu ni zile zile, hata kelele za mashabiki ni zile zile. Tuliporudi tuliteremka njiani, Minago, tukala mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma, naye akanitania kwamba nimenunua mpira na penalti sijui kupiga.

Baadaye akaja kijana kutoka Bujumbura, wakala wa duka linaloleta mashine nyeusi. Kupakiwa rangi ukutani si jambo geni kwetu. Kampuni za simu na za sabuni hupaka maduka rangi zao, na mwenye duka hufurahia rangi ya bure. Lakini huyu alichora kwenye ukuta wa Saidi wachezaji wa ule mchezo mpya, na juu yao alama ya mashine nyeusi, kubwa kama mlango. Akamwachia na skrini mpya. Tangazo la mchezo huo kwenye televisheni nalo humalizikia kwa alama hiyo hiyo. Niliuliza, nikaelezwa kwamba kampuni ya mashine nyeusi iliwalipa waliotengeneza mchezo ili iutangaze yenyewe. Ilinunua tangazo tu. Mchezo wenyewe haikuununua, na unachezwa kwenye mashine zote mbili. Hilo la mwisho tangazo halilisemi.

Wachezaji wangu wakaanza kuhama. Nikamwita Bukuru, dereva wa pikipiki niliyemfundisha darasani, nikauwasha mchezo mbele yake. Akashika maneti, kile kidude cha kuchezea, akacheza, akafunga bao, akashangilia. Kisha akaiweka maneti chini.

"Iko inafanana sana, Mwalimu. Lakini ya kweli iko kwa Mzee Saidi. Kwa piblisite, ile ya televisheni, wameonyesha nyeusi tu."

"Bukuru, umefunga bao kwa mikono yako mwenyewe!"

"Ndiyo, nimefunga. Lakini kwa ya kukopi." Wenzake wakacheka. Mmoja akapaza sauti: "Mwalimu! Si ulikuwa unatuchapa tukikopia mtihani?"

Nilivuka barabara nao wakinifuata. Sikuwa na hasira, kwa kuwa niliamini neno moja la Saidi lingemaliza mambo. Bukuru ndiye aliyemuuliza: "Mzee, ile ya Mwalimu iko ya kweli?"

Saidi alinitazama, akautazama ukuta wake. "Mimi najua ya kwangu," akasema. "Mwalimu, karibu chai."

Sikunywa chai hiyo.

Tulipotoka msikitini baada ya Alasiri nilimvuta kando. Akakiri kwamba alimwahidi wakala kutotaja mashine nyingine yoyote. "Uongo sikusema, ndugu yangu. Nimenyamaza tu. Nawe ungeletewa skrini kama ile, ungeikataa?" Swali hilo linanikera mpaka leo.

Tangu siku hiyo hajavuka barabara. Zaina huzikung'uta vumbi mashine ambazo hakuna anayezigusa. Hata hivyo nisingewaandikia kwa sababu ya chumba kitupu. Ninaandika kwa sababu Zaina ameposwa na Idi, mtoto wa Saidi. Walipendana kabla ya ukuta kupakwa rangi, na Jumamosi hii Saidi na wazee wenzake wanakuja kupokea jibu langu.

Mke wangu ananiuliza, "Ukikataa, utawaambia wazee sababu gani? Mchezo wa mpira?" Naye Zaina amesema bila kuinua macho, "Baba, mimi naolewa na Idi. Siolewi na ukuta wa baba yake."

Wote wawili wanasema kweli. Lakini mimi nalala nikigeuka huku na huku, naamka, natembea uani. Mtu aliyesimama karibu nami, akasikia mchezo wangu ukitiliwa shaka, akajua ukweli wote, akanikaribisha chai, atafanya nini siku binti yangu akionewa ndani ya nyumba yake? Atasema? Au na siku hiyo atakuwa ameahidi kunyamaza? Kisha najijibu kwamba Idi si Saidi, na kwamba urafiki wa miaka mingi haupimwi kwa neno moja. Halafu naanza upya.

Leo nimekitoa kiti chake kibarazani nikakipeleka stoo. Baada ya chakula nimekirudisha. Sasa hivi ninapoandika nimekitoa tena, kimesimama katikati ya ua, na Zaina ananitazama kutoka mlangoni.

Enyi wenye watoto na marafiki, nishaurini: Jumamosi nikiweke wapi?