Goti kwa Mwenye Jiwe

Watu wa huku kwetu, upande wa Kamanga, ni wavumilivu sana kwa mambo makubwa. Bomba la maji lilipokauka walicheka, wakarudi ziwani na ndoo zao. Nyavu zikiibwa wanasema Mungu atalipa. Lakini mpe mtu shikamoo pungufu, uone mate yanavyoruka.

Mwenye jiwe ana umri wa kaka yangu mkubwa. Jiwe lenyewe ni pana, limelala kando ya ziwa, na alilirithi kwa babu yake. Vitu alivyojitafutia mwenyewe ni pikipiki na tumbo. Mama mdogo, aliyenichukua nilipomaliza darasa la saba, huanika dagaa wake hapo. Dagaa wa jiweni hukauka safi. Wa mchangani hutafunwa pamoja na mchanga, na wanunuzi wa mjini huwataka kwa ajili ya kuku tu.

Asubuhi moja nilitoka mtumbwini na beseni la dagaa wabichi kichwani, maji yakinichuruzika shingoni. Nikakutana naye. Kwetu Usukumani msichana hupiga goti akimwamkia mkubwa, lakini ningepiga goti ningemwaga dagaa wote. Nikamwamkia nimesimama. Sauti yangu ni ndogo, ikaishia mdomoni.

Mishipa ya shingo ilimtoka kama kamba za nanga.

"We binti! Mimi nguzo ya umeme, unanipita tu?"

"Amekuamkia, baba," mama mdogo akasema.

"Ameliamkia beseni lake! Toeni dagaa wenu kwenye jiwe langu. Sasa hivi!"

Akaanza kuwasukumia dagaa majini kwa mguu wenye kandambili. Mama mdogo, aliyewahi kumwogesha huyo alipokuwa mtoto, akamshika mikono akimbembeleza. Waanikaji wenzetu walikuwa wanacheka.

"Piga goti, mdogo wangu! Kwani umeliazima?" mmoja wao akaniambia.

Wingu lilikuwa linapanda juu ya ziwa, na dagaa walikuwa bado wabichi. Nikatua beseni, nikapiga goti.

"Shikamoo."

"Sisikii."

"Shikamoo."

"Marahaba." Uso ukamlainika hapohapo, kama mtoto aliyepewa ziwa la mama yake. Dagaa wakabaki jiweni.

Nilimtazama nikiwa chini. Mwanaume mzima, heshima yake yote iko kwenye goti langu! Basi nikaamua kumshibisha.

Akipandisha pikipiki kwenye tope, napiga goti mbele yake. Anafunga breki, injini inazima, anateleza. "Marahaba, marahaba! Inuka, nipite!" Akitoka chooni na kopo lake mkononi, napiga goti. Akitafuna nyama kibandani, napiga goti nasubiri, maana sauti yangu haisikiki, mpaka ameze ndipo ajibu. Wanawake waliokuwa wakinicheka sasa huacha dagaa wao waje kutazama.

Siku hizi anapita nyuma ya nyumba, kwenye mihogo ya watu.

Juzi mama mdogo alinituma nikamwombe tupanue sehemu yetu ya kuanikia. Nikabisha hodi, nikapiga goti mlangoni. Nilisikia kiti kikisogezwa. Halafu sauti yake ikatokea dirishani, pazia limefungwa.

"Mwambie mama yako aanike jiwe zima! Na wewe usije tena hapa."

Nikabaki pale chini nikisubiri marahaba yangu.