Paja la Bingwa

Mmarekani akisikia unatoka Kericho, anakuangalia miguu kwanza. Miguu ya Leonard Kibet ilikuwa ya kubebea kitambi tu. Kazi yake ilikuwa kuegesha magari ya wageni katika hoteli moja ya Alexandria, huko huko Marekani, lakini Wakenya wa kanisani walimfanya kocha kwa sababu alikuwa na filimbi.

Kila kiangazi, kwenye pikiniki ya kanisa kule Beltsville, walipambana na Watanzania katika mbio za wanawake: mita mia tu, maana uwanja uliishia penye majiko ya nyama. Watu wa milimani wanataka kilomita kumi ndipo wapate moto. Kabla hawajapata, Irene, msichana wa Kitanzania, huwa ameshafika na anauliza pilipili iko wapi. Kila mwaka hivyo hivyo. Aibu gani!

Mwaka 1998 Leonard akamkumbuka Graciela, mtandika vitanda pale hotelini. Graciela aliwahi kuwa bingwa wa Amerika Kusini wa mita mia, akiiwakilisha Ekwado, mpaka msuli wa paja ukachanika na timu ikamsahau. Sasa kocha wake wa zamani alikuwa amempatia nafasi moja ya mwisho ya kurudi kwenye timu, mradi paja lipumzike.

"Dada, ni mchezo wa kanisani tu," Leonard akambembeleza.

"Paja halijapona, Leonard."

"Nani kasema ukimbie? Tembea haraka haraka, kama unafuata basi."

Siku ya pikiniki akaja, na kina mama wa Kericho wakampa jina la kwao, Jeptoo, papo hapo, na weupe wake wakausingizia kremu. Filimbi ikalia. Graciela akaanza taratibu, kama walivyopatana. Irene akampita, Watanzania wakaangua kicheko.

"Huyo Mkenya au mgeni rasmi?"

Leonard alijua kitu kimoja. Graciela alishamwambia, wakila jikoni, kwamba tangu utotoni hawezi kuvumilia kuona mgongo wa mtu mbele yake. Alijua, na bado akapaza sauti kwa Kiingereza: "Jeptoo! Umeridhika na mgongo wa mtoto?"

Graciela akachomoka. Akampita Irene, akavuka wa kwanza, akaanguka ameshika paja.

Wakenya wakaimba. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa ushindi, bila kumuuliza Mungu ametokea Ekwado lini. Leonard akapewa mguu mzima wa mbuzi. Akaushika kama mwizi aliyekamatwa akiwa na kuku mkononi.

Kesho yake, katika chumba cha wafanyakazi, Graciela alikuwa amekaa, barafu juu ya paja. Akapiga simu kwa kadi ya kulipia dakika, akasema sentensi moja ya Kihispania, kisha akamnyooshea Leonard mkonga wa simu.

"Kocha wangu. Nimemwambia siji. Msikilize wewe."

"Dada, sijui Kihispania."

"Utaelewa."

Mzee wa upande wa pili alifoka, akafoka tena, halafu sauti ikaanza kukatika kama ya mtu anayelia. Huko nje mgeni alikuwa akipiga kelele kutaka gari lake. Leonard hakutoka. Kila mzee alipovuta pumzi, alijibu kwa neno pekee alilolijua la lugha ile, "sí", la kukubali, mpaka kadi ikaisha.